Igizo la mama anayetokwa damu baada ya kujifungua: mwongozo kamili kwa walimu wa uuguzi na ukunga

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa vitendo ambaye amejaribu igizo mara moja au mbili, akaona wanafunzi wakicheka, wakipiga makofi na kupigana picha, kisha wiki mbili baadaye msimamizi wa wodi ya uzazi akamweleza kwamba wanafunzi wale wale, walipofika kwenye staji, yaani mafunzo ya vitendo hospitalini, walisimama kando ya kitanda mikono ikining'inia. Malalamiko hayo nimeyasikia mara nyingi hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kutoka shule za ITM (shule za sekondari za uuguzi) na za ISTM (vyuo vya juu vya tiba) vilevile. Kila nilipoomba kuoneshwa jinsi zoezi lilivyoendeshwa nilikuta jambo moja: igizo lenyewe halikuwa baya, ila mwalimu alilifunga pale ambapo kazi yake ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Nimechagua tukio la kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua kwa sababu linaanza ghafla, linaweza kuua kwa saa chache, na hakuna anayekubali mwanafunzi ajifunzie makosa yake kwa mama halisi. Anayetaka kuigiza jambo jingine, kwa mfano mtoto mchanga asiyepumua, atafuata hatua hizi hizi na kubadilisha kisa. Kwa kundi la wanafunzi 12, tenga saa 2 kamili. Darasa likiwa la watu 60, gawa makundi na usijaribu kuwaingiza wote siku moja.

## Vifaa vya kutayarisha

Hakuna kitu katika orodha hii kinachohitaji manekini ya kununua ng'ambo. Vingi vinapatikana katika soko la Kadutu au katika stoo ya shule yenyewe.

- Mtu mzima wa kuigiza mama, na mwingine wa kuigiza mama mkwe wake. Wasiwe wanafunzi wa kundi hilo.
- Godoro la sifongo lililofunikwa plastiki, na vikwembe vinne vya rangi nzito yenye maua, vya aina ile ile ambayo akina mama wetu hubeba wanapokwenda kujifungua. Usitumie shuka jeupe, kwa sababu damu juu ya shuka jeupe inajitangaza yenyewe, ilhali juu ya kikwembe inajificha.
- Mfuko mtupu wa serumu (maji ya dripu) wa lita 1 pamoja na mrija wake na kidhibiti chake.
- Mkoba wa zamani wa kipimo cha shinikizo la damu, pamoja na pampu yake ya mkono. Si lazima saa yake ifanye kazi, ila lazima mkoba ushike hewa.
- Rangi nyekundu ya chakula, na sufuria ndogo ya uji mzito wa muhogo.
- Chupa ya maji ya nusu lita na jagi lenye alama za mililita.
- Vichupa vitupu vya dawa, vilivyooshwa na kujazwa maji, kila kimoja kikiwa na lebo nyekundu iliyoandikwa MAFUNZO TU kwa Kiswahili na NE PAS INJECTER (usichome) kwa Kifaransa. Vihesabu na uandike idadi yake kwenye daftari.
- Glavu, kanula, serumu, mrija wa mkojo, na kipande cha sifongo kilichofungwa kwa bendeji juu ya mkono wa mwigizaji. Sindano zote zitachomwa kwenye sifongo hicho baada ya kukivua mkononi na kukiweka mezani.
- Saa inayoonekana na wote, na taa ya chaji, maana umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, hauombi ruhusa kabla ya kuondoka.

## Hatua ya 1: Andika lengo moja tu

Kabla ya kugusa kifaa chochote, andika kwenye karatasi sentensi moja inayosema mwanafunzi ataweza kufanya nini mwishoni. Mimi hutumia hii: ndani ya dakika 10 tangu damu ipite kiwango cha hatari, kundi litakuwa limeita msaada, limeanza hatua zote za kwanza za matibabu, na limemweleza mama kinachoendelea kwa lugha anayoielewa.

Sababu ya kujibana hivi ni kwamba mwanafunzi aliye katika taharuki hubeba mambo machache. Nilipoandaa kisa hiki nilitamani sana kuongeza suala la oksitosini, dawa inayokaza mfuko wa uzazi, iliyokaa nje ya friji siku nzima, kwa kuwa dawa hiyo hutakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi na katika vituo vyetu vingi friji ni kitendawili. Nikajizuia, nikaifanya somo la wiki nyingine.

Hatua za kwanza za matibabu zinazotarajiwa ni hizi: kukanda mfuko wa uzazi, kutoa oksitosini, kutoa asidi ya traneksami (dawa ya kusaidia kuzuia damu), kufungua mshipa na kuweka serumu, kumwaga mkojo uliojaa kibofuni, kuchunguza kondo na njia ya uzazi, na kupandisha rufaa damu isipokoma. Asidi ya traneksami hutolewa gramu 1 mshipani, taratibu kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Kwa oksitosini, fuata kipimo cha mwongozo unaotumika hospitalini wanakofanyia staji, ili wasije wakafundishwa jambo moja darasani na jingine wodini.

Hatua hizo zianze kwa pamoja, kila mtu na kazi yake, badala ya kusubiri moja ishindwe ndipo nyingine ijaribiwe. Utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2023, ulionesha kwamba kupima damu kwa chombo chenye alama na kutoa matibabu kama furushi moja kulipunguza madhara makubwa ya kutokwa damu kwa asilimia 60.

## Hatua ya 2: Andika kisa kwenye ukurasa mmoja

Mama ana miaka 27, huu ni uzazi wake wa nne, amejifungua dakika 20 zilizopita katika kituo cha afya kilicho mlimani, mtoto analia vizuri, kondo limetoka. Muuguzi wa zamu ametoka kwenda kupokea mgonjwa mwingine. Inatosha. Mwalimu anayeandika kurasa tatu za historia ya mgonjwa anawafundisha wanafunzi kusoma.

Kisha andaa kadi za vipimo, ambazo utazitoa mwanafunzi anapopima tu, kamwe si kabla:

- Mwanzo: mapigo ya moyo 92, shinikizo la damu 110/70.
- Dakika ya 3: mapigo 118, shinikizo 95/60, mama anasema ana kiu na kizunguzungu.
- Dakika ya 6, kama matibabu yameanza: mapigo 108, shinikizo 100/60.
- Dakika ya 6, kama hayajaanza: mapigo 134, shinikizo 80/50, mama anajibu kwa shida.

Wafundishe mapema kugawanya mapigo ya moyo kwa namba ya juu ya shinikizo. Jibu likifika 0.9 au zaidi, mama yuko hatarini hata kama shinikizo bado linaonekana la kuridhisha. Katika kadi ya dakika ya 3, 118 kwa 95 ni zaidi ya 1.2, na hapo hakuna la kubishania.

## Hatua ya 3: Tengeneza tumbo na damu

Kunja mkoba wa kipimo cha shinikizo uwe kama ngumi, uzungushie kipande cha sifongo, ufunge kwa kitambaa na uukaze chini kidogo ya kitovu cha mwigizaji, juu ya ubao mwembamba au kitabu kigumu, ili anayekanda asimwumize. Pampu ipitishwe chini ya kikwembe hadi mkononi mwa mwigizaji. Mkoba ukiwa hauna hewa, mwanafunzi anagusa kitu laini kama unga uliokandwa: huo ndio mfuko wa uzazi uliolegea. Akikanda vizuri kwa muda wa kutosha, mwigizaji anapuliza hewa kidogo kidogo, na mwanafunzi anahisi kitu kikikaza chini ya kiganja chake. Nimeona nyuso zikibadilika katika sekunde hiyo.

Damu inahitaji uangalifu zaidi. Katika zoezi langu la kwanza nilijaza mfuko wa serumu uji mwepesi uliotiwa rangi, nikijivunia jinsi unavyofanana na damu, na katikati ya igizo uji ukaziba mrija. Mama akawa anakufa kwa kutokwa damu ambayo haikuwapo. Tangu siku hiyo, ndani ya mfuko naweka maji yenye rangi peke yake, na uji mzito uliopakwa rangi nauweka kwa mkono juu ya kikwembe kama mabonge. Mfuko ufichwe nyuma ya mto, mahali palipoinuka kuliko nyonga, na mrija upite chini ya nguo hadi kati ya mapaja. Mwigizaji mwenyewe ndiye atakayefungua na kufunga kidhibiti.

Pima mwendo wake kabla ya siku yenyewe: chupa ya nusu lita inapaswa kujaa kwa dakika 4 hivi. Ikijaa kwa dakika 1, wanafunzi hawatapata nafasi ya kufikiri. Ikichukua dakika 10, watapata nafasi ya kupiga soga.

Onyo: rangi ya chakula haitoki kwa urahisi kwenye sifongo wala kwenye nguo nyeupe. Hakikisha plastiki haina tundu.

## Hatua ya 4: Lijaribu na walimu wenzako

Fanya igizo zima mara moja bila wanafunzi. Hapo ndipo utagundua kwamba kadi ya dakika ya 6 imebaki ofisini, au kwamba mama mkwe anacheka. Hatua hii haina maneno mengi, lakini ndiyo inayorukwa zaidi kuliko zote isipokuwa ile ya 7.

Chagua pia waigizaji kwa busara. Anayeigiza asiwe mjamzito, wala mtu aliyefiwa hivi karibuni katika uzazi. Waulize wanafunzi faraghani, siku moja kabla, kama kuna ambaye tukio hili litamgusa mno; katika mji wetu si nadra kukuta darasani binti ambaye dada yake alifia njiani akipelekwa hospitali. Mwanafunzi huyo apewe kazi ya kushika saa, au aruhusiwe kukaa nje bila kuulizwa sababu mbele ya wenzake.

## Hatua ya 5: Maelekezo ya awali, dakika 20

Anza kwa jambo dogo. Tandika kikwembe chini, mimina juu yake maji mekundu ya nusu lita kutoka kwenye chupa bila wao kuona kiasi, kisha mwombe kila mmoja aandike makadirio yake. Wengi wataandika mililita 200 au 250. Ndipo uoneshe chupa. Mililita 500 ndicho kiwango ambacho, baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida, huhesabiwa kuwa kutokwa damu kupita kiasi, na wao wameikadiria kuwa nusu yake. Katika ule utafiti wa 2023, mahali ambapo damu ilipimwa kwa chombo chenye alama tatizo liligunduliwa kwa asilimia 93 ya waliotokwa damu kupita kiasi, na mahali walipoendelea na mazoea yao liligunduliwa kwa asilimia 51 tu. Baada ya onyesho hilo la kikwembe hutahitaji kuwahubiria.

Kisha waoneshe kila kifaa kilipo, wakiguse. Waeleze tumbo linavyofanya kazi. Mwanafunzi anayehangaika kutafuta glavu kwenye sanduku asilolijua hajifunzi lolote kuhusu damu.

Tamka wazi mambo matatu: hakuna alama zitakazotolewa leo, yatakayosemwa chumbani yabaki chumbani, na kama jambo la kweli likitokea, mtu yeyote aseme kwa sauti "SI IGIZO" na zoezi lisimame papo hapo. Bandika tangazo mlangoni pia. Mama akipiga kelele vizuri, jirani atakuja mbio, na ana haki.

Wanaoingia ndani ni wanne au watano. Wengine si watazamaji wa mpira: mmoja aandike muda wa kila tendo, mwingine aandike kila neno lililosemwa kwa mama, mwingine aangalie ni nani aliyekuwa akiongoza.

## Hatua ya 6: Igizo lenyewe, dakika 10

Washa saa, kaa pembeni, na unyamaze. Usisaidie, usikohoe kwa maana, usitikise kichwa. Kama wamekwama kabisa, pitisha msaada kupitia mwigizaji: mama aseme, "Muganga, naona giza," nao watarudi kwenye kipimo cha shinikizo wenyewe.

Mama na mama mkwe wazungumze Kiswahili, au Kishi, lugha ya wenyeji wa hapa, kama wote chumbani wanakielewa, na kamwe wasizungumze Kifaransa. Jambo hili linaonekana dogo, nami naliona kuwa kubwa kuliko mrija na rangi. Wanafunzi wetu hufundishwa na kutahiniwa kwa Kifaransa, wanaweza kutaja sababu nne za kutokwa damu bila kupumua, lakini mama mkwe anaposimama na kuuliza, "Muganga, huyu mkwe wangu amekuwaje, mbona mnamfinya tumbo?" wanageuka bubu. Sentensi inayohitajika ni nyepesi: "Mama, damu inatoka nyingi. Tunakukanda tumbo ili mfuko wa uzazi ukaze na damu ikome. Itauma kidogo, tuko pamoja nawe." Mwanafunzi ambaye hajawahi kuisema kwa sauti hataikumbuka usiku wa zamu.

Simamisha igizo dakika ya 10 hata kama hawajamaliza. Usiache mama "afe" katika zoezi la kwanza. Kifo cha igizo huwafunga wanafunzi midomo, na saa nzima inayofuata itatumika kuwafariji.

## Hatua ya 7: Kikao cha tafakuri, dakika 30 hadi 40

Hapa ndipo maigizo mengi hufia. Mwalimu anatazama saa, anaona muda umekwenda, anasimama mbele na kusoma makosa kumi aliyoyaandika. Wanafunzi wanasema "ndiyo, mwalimu" na wanatoka. Kama muda ni mfupi, punguza igizo, usipunguze kikao hiki. Kichukue mara tatu au nne ya muda wa igizo.

Hamia sehemu nyingine ya chumba, mbali na godoro lenye rangi. Panga viti kwa duara na ukae nao, mwigizaji wa mama akiwamo.

Anza na hisia: "Mnajisikiaje sasa?" Waache watoe pumzi. Wengine watacheka, mmoja anaweza kulia. Dakika 5 zinatosha. Kisha mwombe mmoja asimulie kilichotokea kama taarifa ya zamu, ili wote wakubaliane juu ya tukio kabla ya kulijadili. Mwandishi wa muda asome dakika zake.

Baada ya hapo chagua mambo mawili, yanayohusu lengo ulilolitaja katika hatua ya 1, na uyaingie kwa undani. Namna ya kuuliza ni hii: sema ulichokiona, sema kwa nini kilikusumbua, kisha uliza kwa nia ya kujua. Kwa mfano: "Niliona damu imefika mililita 500 na wewe ulikuwa bado unatafuta mshipa, hakuna aliyekuwa ameita msaada. Nilipata wasiwasi, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kukanda tumbo na kuweka serumu kwa wakati mmoja. Wakati ule ulikuwa ukifikiri nini?"

Baada ya kuuliza, hesabu moyoni hadi kumi. Ukimya utakuchoma, uvumilie. Binti mmoja alinijibu baada ya ukimya wa aina hiyo: "Mwalimu, niliogopa kuita kabla sijaweka serumu. Kwenye staji wakubwa hutukaripia tukiwaita mikono mitupu." Tatizo lake halikuwa ujuzi. Alijua kila kitu, ila alikuwa amefundishwa na wodi kwamba kuita msaada ni aibu. Kama ningemwambia tu "hukuita msaada, umekosea," angeitikia kwa adabu na kurudia kosa lile lile kwa mama halisi. Badala yake tulitumia dakika 10 nzima kutafuta maneno ya kumwita mkubwa wa zamu, na kundi likakubaliana juu ya haya: "Nina mama aliyetokwa mililita 500, mapigo ni 118, tumeanza kukanda, nahitaji mtu sasa hivi."

Mwombe mwigizaji wa mama aseme pia alivyojisikia. Mara nyingi atasema jambo ambalo hakuna mwalimu angelithubutu, kwa mfano kwamba watu watano walimgusa na hakuna aliyemtazama usoni.

Onyo: usimtumie mwanafunzi dhaifu kama mfano, na usiruhusu kikao kigeuke hadithi za wodini.

Utajua kikao kimefaulu ukiona wanafunzi wanaulizana wao kwa wao, na wewe umezungumza chini ya nusu ya muda.

## Hatua ya 8: Rudieni siku hiyo hiyo

Rudisha igizo lile lile, kundi lile lile, dakika 10 tena, na ubadilishe tu anayeongoza. Walimu wengi huona jambo hili kama kupoteza muda, kwa kuwa wanafunzi "wameshajua jibu". Ndiyo, wamelijua, sasa mikono yao inahitaji kulifanya, na wao wanahitaji kuondoka wakiwa wamefaulu badala ya kuondoka na aibu.

Linganisha karatasi mbili za muda: muda wa kuita msaada, muda wa kuanza kukanda, muda wa dawa ya kwanza. Ukiona msaada ulioitwa dakika ya 6 sasa umeitwa dakika ya 1, zibandike karatasi zote mbili ukutani.

Kisha panga kurudia tena baada ya miezi michache, kabla hawajatawanyika kwenye staji nyingine. Ujuzi wa dharura huchakaa usipotumiwa.

## Hatua ya 9: Safisha, kunja, hesabu

Osha mrija kwa maji safi mara moja. Mabaki ya rangi na uji huvutia sisimizi kufikia asubuhi. Toa hewa kwenye mkoba, kausha sifongo juani, kunja vikwembe.

Mwisho, mwanafunzi mmoja amwage vichupa vyote vya dawa za mfano juu ya meza na kuvihesabu kwa sauti, mwingine akisoma idadi iliyoandikwa kwenye daftari. Kichupa chenye maji kilichopotelea katika mfuko wa koti jeupe kinaweza kufika wodini kesho yake, na lebo nyekundu huweza kubanduka kwa unyevu. Vilitoka 14, virudi 14. Kikikosekana kimoja, mlango haufunguliwi hadi kipatikane.